Chupa za Rafu ya Mbele

Shangazi yangu ni mfupi, mnene kiasi, na kichwa chake kimekaa moja kwa moja juu ya mabega kana kwamba shingo ilisahaulika. Ndugu wa mumewe walipomwona mara ya kwanza walimpa jina la Kizibo, na yeye badala ya kununa akacheka kuliko wao. Jina likamganda. Kwa hiyo alipoajiriwa hotelini na kupangiwa meza za wanywaji wa mvinyo, utani ulijileta wenyewe.

Hotelini alikaa miaka mingi. Alianza kwa kuosha glasi, akapandishwa kuhudumia meza, na mwishowe akakabidhiwa funguo za chumba cha baridi ambamo mvinyo ulihifadhiwa. Alijifunza kuunusa, kuulaza, kuufungua bila kuutibua. Alikuwa na hamu moja tu, duka lake mwenyewe, dogo, lenye rafu hadi darini na kiti cha mteja asiye na haraka.

Mumewe ni fundi wa malori. Alipopata kazi kwenye gereji kubwa katika nchi nyingine, shangazi aliaga hotelini akamfuata. Watoto wao walishakuwa watu wazima. Lugha ya kule hawakuijua. Siku za mwanzo shangazi alinunua chumvi akidhani ni sukari, akawatilia kwenye chai wageni waliotoka gereji, na wale wageni wakainywa yote bila kukunja uso. Hadithi hiyo anaipenda sana. Lakini akimaliza kuisimulia husema, "Watu wa kule wana adabu mno. Adabu ndiyo iliyonipoteza."

Chumba cha duka alikipata kwa urahisi uliomshangaza. Kilikuwa kwenye mtaa mwembamba unaoteremka kutoka kituo cha mabasi, kati ya duka la viatu lililofungwa na ukuta wa ghala. Unashuka ngazi chache kutoka barabarani, unasukuma mlango mzito, na ndani kuna ubaridi wa pango. Jua halikufika. Rafu za mbao zilikuwa tayari ukutani, na kwenye vumbi lake zilionekana alama za duara zilizoachwa na chupa.

Mwenye nyumba alikuwa mtu mzima, msafi, mwenye sauti ya chini na harufu ya sabuni. Kila kitu kwake kilistahili pole. Ukishuka ngazi, pole. Ukipiga chafya, pole. Mumewe shangazi alimbatiza Bwana Pole siku hiyohiyo.

"Aliyekuwepo alikuwa anauza mvinyo pia?" shangazi alimuuliza.

"Mvinyo, ndiyo. Mgeni kama wewe. Mtu mzuri."

"Alikwenda wapi?"

"Alirudi kwao. Wageni huondoka, dada. Pole na safari."

Katika chumba cha nyuma shangazi alikuta jozi ya kandambili zimepangwa vizuri karibu na mlango, na glasi ya chai yenye majani yaliyokaukia chini. Akadhani mtu yule aliondoka mbiombio kuwahi safari. Glasi aliiosha. Kandambili alishindwa kuzitupa, akazisukuma chini ya rafu.

Bwana Pole alimsaidia kila jambo. Alimpeleka ofisi ya leseni, akamletea mpaka rangi, akamtafutia mchoraji wa maandishi. Kitu kimoja tu alikisisitiza, kwamba jina kamili la shangazi liandikwe kubwa kwenye kioo cha mbele. "Watu wa hapa wanapenda kujua wananunua kwa nani," alisema. Jina lake yeye halikuandikwa popote.

Jioni moja mumewe alikuwa ananawa grisi mikononi. "Mama watoto," akasema, "huyu mzee hajataka kitu chochote bado?"

"Kodi."

"Kodi yenyewe ndogo. Mimi namngoja aseme anachotaka."

Shangazi akamwambia ana roho ya fundi, kila kitu lazima akifungue aone kimeharibika wapi.

Duka likaenda. Alianza na chupa chache alizochagua mwenyewe kwa muuzaji wa jumla, akaonja kila aina kabla ya kuiweka. Chupa alizilaza ubavu ili vizibo visikauke. Lugha ilipomshinda alitumia uso: mvinyo mtamu alifumba macho, mkavu alikunja midomo, na mkali alijipiga kifuani. Wateja walicheka, wakanunua, wakarudi na marafiki. Walimu wa shule ya jirani walikuja mwisho wa juma, wauguzi walikuja baada ya zamu.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa mzee mmoja seremala, mwenye karakana juu kidogo ya mtaa. Aliingia na harufu ya gundi na vumbi la mbao, akanunua mwekundu mwepesi kwa ajili ya mkewe ambaye miguu ilimsumbua na hakutoka nyumbani. Yeye ndiye aliyemfundisha shangazi lugha. Aligusa rafu akaitaja, akagusa meza akaitaja, na shangazi alipotamka vibaya mzee alicheka mpaka akakohoa. Alimwita binti, ingawa shangazi ana wajukuu.

Ng'ambo ya barabara aliishi mjane mmoja mshonaji, cherehani yake ikiwa dirishani. Huyo hakuvuka hata siku moja. Shangazi alipompungia mkono alijibu kwa kichwa na kurudi kwenye kitambaa chake. Kulikuwa na jambo moja la ajabu. Bwana Pole alipotokea mtaani, cherehani ilinyamaza. Alipopita, ikaanza tena. Shangazi alidhani mama yule ni mcha Mungu na anachukizwa na jirani muuza pombe.

Msimu wa mvua ulipoanza, gari dogo la mizigo lisilo na maandishi lilisimama mbele ya duka. Dereva akashusha masanduku bila kusalimia. Nyuma yake alikuja Bwana Pole na mwavuli.

"Mvinyo wa rafiki yangu," alisema. "Uuze tu. Hesabu tutaelewana baadaye."

Shangazi alifungua chupa moja wawili hao walipoondoka. Lebo ilikuwa ya aina inayojulikana na inayopendwa, lakini ilibandikwa upande, na gundi yake ilinata kidoleni. Kizibo hakikuwa na alama yoyote. Alimimina kidogo, akanusa. Chini ya harufu ya matunda palikuwa na harufu nyingine, kama ya kitu cha kuondolea rangi kwenye mbao. Aligusisha ulimi, akatema, akasukutua. Kichwa kilimuuma mpaka alasiri.

Akayabeba masanduku yote mpaka chumba cha nyuma, akayafunika kwa turubai. Siku iliyofuata akamwambia Bwana Pole kwa lugha yake ya kubahatisha kwamba mvinyo ule ni mbaya, auchukue.

"Pole," Bwana Pole alisema. Akatazama kioo cha mbele kwa muda mrefu, jina la shangazi likimpita kinyumenyume usoni kwa mwanga wa barabara. "Duka zuri hili. Lina kioo kikubwa." Akaondoka.

Asubuhi yake shangazi alifungua mlango akakuta chupa zile zimepangwa kwenye rafu ya mbele, usawa wa macho ya mteja. Zilikuwa zimefutwa vumbi. Chupa zake mwenyewe zilishushwa chini, zote zimesimamishwa wima.

Alizirudisha nyuma. Kesho yake zikawa mbele tena. Bwana Pole alipita kama kawaida, akauliza hali ya mumewe, akampa pole ya mvua. Shangazi akamwita fundi wa vitasa, akabadilisha kitasa. Siku iliyofuata Bwana Pole akashuka ngazi na ufunguo mpya ukining'inia kidoleni.

"Umeweka kitasa kipya," alisema. "Umefanya vizuri. Yule fundi ni jamaa yangu."

Wakati huohuo kule gereji msimamizi alimwita mume wa shangazi pembeni. Walikuwa hawajawahi kuzungumza zaidi ya mambo ya breki na injini.

"Mkeo anaendeleaje na duka? Nasikia ni mchaguzi sana."

Mumewe aliacha kazi mkononi. Hakuwa amemwambia mtu yeyote pale kwamba mkewe ana duka.

Alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake. "Kizibo, rudisha funguo. Tuseme tumeshindwa."

"Nimeshindwa nini? Wateja ninao."

"Sijui ni nini. Ndiyo maana nasema rudisha."

Shangazi ni mbishi. Ukimwambia kitu hakiwezekani ndipo anavua kitenge cha juu na kukunja mikono ya gauni. Alisema hataacha duka alilolingoja maisha yake yote kwa sababu ya chupa mbaya, na kwamba chupa ndizo zitakazoondoka. Alipanga kuzimwaga zote kwenye mfereji siku ya mapumziko. Hakujua bado kilichomo. Alidhani ni uchakachuaji wa kawaida, maji na rangi na spiriti kidogo, wa kumletea mtu kichwa kuuma na duka sifa mbaya.

Kabla siku hiyo haijafika, jino likamuuma. Alifunga duka asubuhi akaenda kung'olewa. Aliporudi mchana, shavu limevimba na pamba mdomoni, alikuta mlango uko wazi. Bwana Pole alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, amevaa aproni ya shangazi.

"Pole na jino," alisema. "Sikutaka wateja wakukose. Nimekaa badala yako."

Kwenye rafu ya mbele palikuwa na nafasi tupu.

"Nani amenunua?"

"Seremala. Mteja wako mzuri. Nimempa ile, nimemwambia ni zawadi yako kwa mkewe." Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akapanda ngazi.

Shangazi alikuwa bado amesimama pale mlango uliposukumwa tena. Ni mshonaji. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni na sindano zilikuwa zimechomekwa kifuani. Alisema polepole, akichagua maneno mepesi ili mgeni amwelewe.

"Nimemwona mzee akitoka na chupa. Si ya kwako, ni ya yule?"

"Ya yule."

"Mfuate. Sasa hivi. Ile inaua."

Akamweleza wakiwa njiani kuelekea ngazi. Mtu aliyekuwa dukani kabla hakurudi kwao. Aliuza chupa zilezile, hakuwa na pua ya shangazi, aliamini lebo. Watu wa ofisi moja walizinunua kwa ajili ya kumuaga mwenzao. Wengine walipofuka, na mwenzao mwenyewe aliyekuwa akiagwa alikufa. Polisi walipokuja waliuliza swali moja tu, duka ni la nani, na jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kioo. Walimchukua bila viatu. Bwana Pole aliwaletea polisi chai, akawapa pole ya kazi.

"Mbona hukuniambia?" shangazi aliuliza.

"Ninaposhonea pia ni pake."

Shangazi hana miguu ya kukimbia, lakini siku hiyo alikimbia. Alipanda mtaa akiwa na pamba mdomoni na damu kidevuni, na watu wakampisha wakidhani amepigwa. Nyumba ya seremala ilikuwa nyuma ya karakana, vyumba viwili vyenye harufu ya varnishi. Aliwakuta mezani. Chupa ilikuwa wazi. Glasi ya mzee ilikuwa tupu, na chupa imeshuka zaidi ya nusu. Glasi ya mke ilikuwa imejaa, kwa sababu alikuwa anangoja kumeza dawa zake kwanza.

Shangazi akaitwaa ile glasi mkononi mwa yule mama kabla hajasalimia, akaimwaga kwenye beseni.

"Mbaya," alisema. Lugha yote ilimkimbia ikabaki neno hilo. "Mbaya, mbaya. Hospitali."

Mzee alicheka. Alisema ameinywa na wala hajafa, tena ilikuwa na utamu fulani, na kama binti ameona choyo na zawadi yake aseme tu. Alikuwa mchangamfu, macho yanang'aa. Shangazi alimshika mkono akamvuta, mzee akakataa, wakavutana pale kama watoto. Aliyeamua ni mke. Alimtazama shangazi usoni, akatazama ile damu, akamwambia mumewe, "Nenda."

Hospitalini kijana wa mapokezi alimwona mzee anatembea na kutabasamu, akawaambia wakae foleni. Shangazi alijua jambo moja. Akinyamaza watakaa foleni, na akisema atakuwa amejifunga mwenyewe. Alikwenda hadi kwenye mlango wa daktari, akausukuma, akaiweka mezani ile chupa aliyoichukua nyumbani kwa mzee.

"Hii sumu," alisema. "Imetoka duka langu. Jina langu ni hili." Akalitaja lote, kama lilivyoandikwa kwenye kioo.

Daktari alinusa chupa, akainuka.

Walimlaza mzee palepale, wakamtundikia dripu, wakaanza kumsafisha damu kwa mashine. Usiku ule alitapika, na kulipokucha alilalamika kwamba mtu amejaza ukungu ndani ya chumba. Daktari alimwambia shangazi kwamba kilichomo ni pombe ya viwandani, na kwamba kama wangemleta baada ya dalili kuanza, wangemleta maiti. Wakati anasema hayo, polisi walikuwa wameshasimama nyuma yake.

Walikuwa na adabu. Mkubwa wao alimvutia kiti. Alimuuliza duka ni la nani, na shangazi akasema ni lake. Alimuuliza jina kwenye kioo ni la nani, akasema ni lake. Akamuuliza kama ana mtu wa kuthibitisha kwamba chupa hizo si zake, akatabasamu kidogo, kana kwamba swali hilo aliwahi kuliuliza mahali palepale. Wakamweka kwenye chumba chenye benchi na dirisha la juu. Kupitia ukutani alisikia sauti ya chini iliyozoeleka ikiongea na maofisa, ikiwapa pole, na vijiko vikigonga vikombe.

Mumewe alikaa nje kwenye ngazi za kituo na nguo zake za gereji. Ananiambia hajawahi kuogopa namna ile, hata alipolaliwa na lori. Hakuogopa watakachomfanya mkewe. Aliogopa jinsi kila mtu pale alivyokuwa mtulivu, kama watu wanaofanya kazi wanayoijua.

Siku ya pili mshonaji akaja. Alipita mbele ya Bwana Pole aliyekuwa amekaa kwenye benchi la wageni, akaomba kuandika maelezo. Aliyasema yote, ya sasa na ya yule wa kwanza. Mchana majirani wakamleta mke wa seremala wamembeba na kiti chake, wakamwingiza hivyohivyo hadi ndani. Alikuwa dirishani mumewe aliporudi na chupa, na mumewe alimwambia nani amempa. "Aliyempa si huyu," alisema. "Huyu ndiye aliyemwaga."

Wakamwachia shangazi. Wakamwita Bwana Pole ndani. Alitoka kabla ya jua kuzama, akamshikia mlango mama mmoja aliyekuwa anaingia na mtoto mgongoni. Alipofika karibu na shangazi alisimama.

"Pole," alisema. Sauti ilikuwa ileile.

Seremala alipona kwa kiasi. Jicho moja lilizimika, la pili linaona mwanga na vivuli. Msumeno ameuacha. Hukaa karakanani akilainisha mbao kwa msasa, anazipima kwa viganja, na mkewe humwambia pa kuongeza. Shangazi alipokwenda kumuaga, mzee alimgusa usoni, akamtajia maneno ya lugha yao, shavu, pua, kidevu, akangoja ayarudie. Safari hii hakucheka.

Kabla ya kuondoka nchini humo shangazi alifanya jambo moja zaidi. Alizitoa zile kandambili chini ya rafu, akaenda nazo gerezani alikofungwa yule mpangaji aliyemtangulia. Yule mtu alikuja kwenye nyavu, mwembamba, mvi zimemjaa kabla ya wakati. Lugha yao haikuwa moja, wakazungumza kwa ile ya kuokoteza. Shangazi alimwambia kwamba maelezo ya mshonaji yameandikwa, na kwamba wakubwa wamesema kesi yake itaangaliwa. Yule mtu alitikisa kichwa taratibu, kama anayesikia habari za hali ya hewa ya mji mwingine. Akauliza kama mlango wa chumba cha nyuma bado unakwama. Shangazi akasema bado. Askari alizichukua kandambili akasema zitakaguliwa kwanza.

Gereji ilimwambia mumewe kwamba kazi zimepungua. Wakarudi. Sasa shangazi anauza maua ya kukatwa sokoni, na ukimletea glasi ya mvinyo kwenye sherehe huinusa, akaiweka chini, akaendelea na maongezi. Mkewe seremala humtumia salamu. Kesi ya yule mtu bado inaangaliwa.

Majuzi nilikuwa kwake mshonaji alipopiga. Shangazi aliweka simu kwenye spika ili aendelee kufunga mashada, akawa ananitafsiria. Chumba kimepata wapangaji, vijana wawili, mume na mke, wageni. Bwana Pole amewapakia rangi mpya.

"Wanauza nini?" shangazi aliuliza.

"Mafuta ya kupikia."

Mkono wa shangazi ulisimama kwenye uzi.

Mshonaji alisema kwamba safari hii hakungoja. Alivuka siku ya kwanza, akawaeleza kila kitu. Walimsikiliza vizuri, wakamkaribisha kiti, wakampa maji. Kisha mume akatoka kwa heshima zote akaenda kumwita Bwana Pole, aje asikie mwenyewe anayosingiziwa, ili pasiwe na maneno ya pembeni.

"Akasemaje?"

"Akanipa pole. Halafu akaniambia ana matumizi na chumba changu."

"Utaondoka?"

Tulisikia cherehani ikianza, ikaenda mshono mrefu, ikasimama. Halafu mshonaji akasema kwamba gari lisilo na maandishi limesimama ng'ambo, dereva anashusha madumu, na kwamba lazima akate simu kwa sababu anavuka tena.